Jinsi ya kukagua kama bakteria asiye na ukuta wa seli bado hutengeneza vitangulizi vya ukuta

Wanafunzi wa biolojia na wa tiba hapa Bukavu wanaoandika memwari kuhusu usubi, trakoma au maambukizi ya klamidia hukutana mapema na sentensi isemayo kwamba bakteria anayehusika hana ukuta wa seli. Wengi huivuka sentensi hiyo wakiwa wamekwisha kukata shauri kwamba jeni zote za ukuta zimepotea na kwamba dawa zinazoulenga ukuta hazina la kufanya. Kwa Mycoplasma hitimisho hilo ni la kweli. Kwa Chlamydia, bakteria wa trakoma na klamidia, na Wolbachia, bakteria anayeishi ndani ya minyoo ya usubi, linapotosha, maana bakteria hao wamehifadhi karibu njia nzima inayotengeneza vitangulizi vya ukuta, wanaitumia, na wakizuiwa kuitumia hushindwa kugawanyika ipasavyo. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulikagua jambo hilo kwa kutumia jenomu zilizowekwa wazi kwa umma, kwa sababu bakteria hao wawili huishi ndani ya seli za viumbe wengine tu, hawaoti kwenye sahani ya agari, na maabara zenye uwezo wa kuwakuza katika seli hai si nyingi kwetu Kivu. Jenomu zao ni ndogo. Orodha ya protini zote za Chlamydia trachomatis, ambazo hazifiki elfu moja, ni faili isiyozidi mega moja, na mwanafunzi anaweza kuipakua akiwa Panzi au Kadutu, kisha akaifanyia kazi kwenye kompyuta yenye programu ya BLAST, inayolinganisha mifuatano ya protini, hata mtandao ukiwa umekatika.

Tenganisha kwanza maswali matatu ambayo vitabu vingi huyachanganya. La kwanza: je, bakteria huyu anatengeneza vitangulizi, yaani molekuli ndogo ambazo ukuta hujengwa kwazo? La pili: je, anaviunganisha vitangulizi hivyo kuwa peptidoglikani, ule mtandao wa minyororo ya sukari iliyofungwa kwa peptidi fupi? La tatu: je, peptidoglikani hiyo ni nyingi kiasi cha kuizunguka seli nzima na kuipa umbo? Bakteria anaweza kujibu ndiyo kwa swali la kwanza na hapana kwa la tatu, kama fundi anayefyatua matofali ambayo hayajengi ukuta, na mtafiti aliyeuliza swali la tatu peke yake hawezi kuyaona matofali hayo.

Kabla ya kufungua kompyuta, ichore njia yenyewe kwa mkono kwenye karatasi pana. Huanzia ndani ya saitoplazimu kwa UDP-N-asetiliglukozamini. Kimeng'enya MurA huiongezea kipande kinachotoka kwa fosfoenolpiruvati, na MurB hukikamilisha kipande hicho kwa kutumia NADPH, hata ikapatikana asidi ya N-asetilimuramiki iliyoshikamana na UDP. Hapo vimeng'enya vinne vya jamii moja hupokezana kujenga mkia wa peptidi: MurC huweka L-alanini, MurD huweka D-glutamati, MurE huweka asidi ya mezo-diaminopimeliki katika bakteria wengi wenye utando wa nje, na MurF humalizia kwa D-alanini mbili ambazo kimeng'enya Ddl kimekwisha kuziunganisha. Kufikia hapo kazi yote imefanyika kwenye maji ya seli. MraY ndiyo inayoipeleka kwenye utando kwa kuiambatisha na undekaprenili fosfati, lipidi yenye kaboni 55, na kinachopatikana huitwa lipidi I. MurG huongeza sukari ya pili, nayo lipidi II inakuwa tayari. Protini MurJ huigeuza iwe upande wa nje wa utando, ambako vimeng'enya vingine huunganisha sukari kuwa mnyororo, na protini zinazoshikwa na penisilini hufunga peptidi kwa peptidi.

Pembeni mwa mstari huo mkuu chora vijito vinavyouletea malighafi: Alr inayogeuza L-alanini kuwa D-alanini, MurI inayogeuza L-glutamati kuwa D-glutamati, njia ya diaminopimelati, na njia ya undekaprenili. Usiviache vijito hivyo kwa kudhani ni mambo madogo. Kama itakavyoonekana, mafumbo karibu yote ya bakteria hawa yamo humo. Hifadhidata ya KEGG ina ramani ya njia hii kwa namba 00550, na ni vizuri kuilinganisha na mchoro wako, ila mchoro wa mkono uje kwanza, kwa sababu anayeanza kwa ramani iliyokwisha kupakwa rangi huzoea kuamini rangi.

Kisha pakua protini za bakteria wanne kutoka hifadhidata ya umma ya NCBI. Wawili ni wa kupimia. Escherichia coli K-12, ambaye njia yake imechunguzwa kimeng'enya kwa kimeng'enya, atakupa mifuatano ya kutafutia, na Mycoplasma genitalium, ambaye jenomu yake ya takriban jozi 580,000 za besi ilichapishwa mwaka 1995, atakuonyesha matokeo yanavyokuwa njia inapokosekana kweli. Wawili wengine ndio wa kuchunguzwa: Chlamydia trachomatis, ambaye jenomu yake ya jozi zipatazo milioni moja ilichapishwa mwaka 1998, na Wolbachia wa minyoo. Kwa huyu wa mwisho wengi hutumia Wolbachia wa Brugia malayi, mnyoo mmojawapo wa matende barani Asia, kwa kuwa jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2005, ndiyo iliyotangulia kwa Wolbachia wa minyoo. Kwa msomaji wa Kongo napendekeza kuongeza Wolbachia wa Onchocerca ochengi, iliyochapishwa mwaka 2012, kwa sababu mnyoo huyo wa ng'ombe wa Afrika ni ndugu wa karibu wa Onchocerca volvulus anayeleta usubi kwa watu.

Tafuta kila protini ya njia katika kila jenomu kwa kulinganisha protini na protini, si DNA na DNA, kwa kuwa bakteria hawa wametengana muda mrefu mno kiasi kwamba herufi za DNA hazifanani tena hata pale ambapo protini bado zinafanana. Usitosheke na thamani ndogo ya E, yaani makadirio ya mifanano ambayo ingetokea kwa bahati tu. Angalia pia kama mfanano unaenea sehemu kubwa ya protini: MurA ya E. coli ina asidi amino 419, kwa hiyo mfanano wa asidi amino 80 katika pembe moja hauthibitishi kitu. Halafu ichukue protini uliyoipata na uirudishe kuitafuta katika E. coli. Hatua hii ya kurudi nyuma ndiyo inayorukwa mara nyingi, ilhali hapa haina mbadala, kwa kuwa vimeng'enya vya njia hii vina ndugu wanaofanana navyo sana. MurA ni ndugu wa AroA, inayofanya kazi nyingine kabisa katika kutengeneza asidi amino zenye pete. MurC, MurD, MurE na MurF hufanana zenyewe kwa zenyewe, na zote hufanana na FolC ya njia ya folati. MraY inafanana na WecA, kimeng'enya cha njia nyingine. Protini uliyodhani ni MurA ikirudi E. coli na kumkuta AroA kwanza, basi umempata ndugu na si mwenyewe.

Majina ya jeni nayo yana mtego wake. Ukiifungua jenomu ya Mycoplasma genitalium utakuta mraZ, mraW na ftsZ zimekaa jirani, katika mpangilio ule ule ambao kwa bakteria wengine hubeba jeni za ukuta na za mgawanyiko. Anayesoma haraka huona herufi "mra" akaandika kwamba mabaki ya njia ya ukuta yapo. Lakini mraW huweka kikundi cha methili kwenye RNA ya ribosomu, na mraZ ni protini ya kudhibiti jeni, wala hakuna kati yake inayotengeneza kitangulizi. Mur zote, kuanzia A hadi G, pamoja na MraY, hazipo. Huko ndiko kukosekana kwa kweli, na ndiyo maana penisilini na fosfomisini hazina pa kushika kwa Mycoplasma yeyote, awe yule wa nimonia ya watu au yule wa homa ya mapafu ya ng'ombe.

Sasa njoo kwa Chlamydia, na hapa inafaa kwenda polepole. Tangu zamani ilijulikana kwamba penisilini huvuruga mgawanyiko wake, ingawa kila aliyejaribu kuitoa peptidoglikani ndani yake alirudi mikono mitupu. Mwaka 1993 James Moulder aliuliza waziwazi kwa nini bakteria asiye na peptidoglikani aathiriwe na penisilini. Jenomu ilipochapishwa miaka mitano baadaye, mstari mkuu ulionekana karibu kamili, lakini vijito vya pembeni vilikuwa na mapengo, nawe utayakuta mapengo hayo hayo katika utafutaji wako. Alr haipo. MurI haipo. Ddl haionekani peke yake. Mwanafunzi anayehesabu tu jeni zilizopo na zisizopo ataandika kwamba njia imekatika, na atakuwa amekosea mara tatu.

Anza na Ddl, kwa kuwa ndiyo rahisi. Itafute tena, lakini safari hii soma urefu wa protini unayoipata: ni ndefu kupita kawaida, na nusu yake ya kwanza inalingana na MurC. Vimeng'enya viwili vimeungana kuwa protini moja, na mwandishi wa maelezo ya jenomu huweza kuipa jina la upande mmoja tu. Kwa hiyo weka kanuni ya kukagua kila protini iliyo ndefu isivyotarajiwa kabla ya kuandika kwamba jirani yake amepotea. Pengo la Alr lina jibu la aina nyingine. Majaribio yaliyofanywa kwa protini za Chlamydia pneumoniae yalionyesha kwamba GlyA, kimeng'enya kinachojulikana kwa kugeuza serini kuwa glisini, kinaweza pia kugeuza L-alanini kuwa D-alanini. Na pengo la MurI limezibwa na DapF, ambayo kazi yake ya kawaida ni hatua ya mwisho ya kupata mezo-diaminopimelati, lakini katika Chlamydia trachomatis imethibitishwa kwamba hugeuza pia glutamati. Hakuna utafutaji wa mfanano ambao ungekufunulia mambo hayo mawili, maana mfuatano wa GlyA hukuambia GlyA na hausemi zaidi. Unachoweza kufanya ni kuuliza swali sahihi: kimeng'enya kinachofuata kinahitaji D-glutamati, na kimehifadhiwa vizuri kwa mamilioni ya miaka, je, jenomu ndogo namna hii, ambayo imetupa kila kisichotumika, ingekihifadhi bila malighafi yake? Pengo la namna hiyo liandikwe kuwa ni hatua ambayo mtendaji wake hajatambuliwa kwa mfuatano. Kuliandika kuwa hatua iliyopotea ni kudai zaidi ya ulichokiona.

Baada ya kujua kimeng'enya kipo, kagua kama mahali pake pa kazi pamebaki vilevile. MurA ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Ipange MurA ya Chlamydia sambamba na ya E. coli, kisha tafuta sisteini ya nafasi ya 115 kwa E. coli, ambayo fosfomisini hujifunga juu yake moja kwa moja. Katika Chlamydia trachomatis utakuta aspartati mahali pa sisteini hiyo. Kimeng'enya kinaendelea kufanya kazi yake, lakini fosfomisini haina pa kujifunga, na ndiyo sababu Chlamydia haiguswi na dawa hiyo ingawa njia yake ni hai. Bakteria wa kifua kikuu ana badiliko kama hilo. Rudia ukaguzi huo kwa Wolbachia, na uusome pamoja na majaribio yaliyofanywa katika seli za mbu zenye maambukizi ya Wolbachia: fosfomisini iliwafanya bakteria wavimbe kuliko kawaida na kuvuruga mgawanyiko wao. Herufi moja katika mfuatano inaweza kutenganisha dawa inayofika kwenye lengo lake na ile isiyofika, wala orodha ya "ipo" na "haipo" haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo.

Hatua inayofuata ni kuuliza njia inaishia wapi. Baada ya MurG, tafuta vimeng'enya vya kuunganisha sukari na vya kufunga peptidi. Chlamydia haina zile protini kubwa zinazofanya kazi zote mbili kwa pamoja, lakini ina PBP2 na PBP3 (PBP ni kifupi cha protini zinazoshikwa na penisilini) za kufunga peptidi, pamoja na RodA na FtsW, ambazo kwa bakteria wengine zimeonyeshwa kuunganisha sukari. Haina FtsZ, protini ambayo karibu bakteria wote huitumia kuchora mstari wa kugawanyika, na badala yake hutegemea MreB, protini ambayo kwa bakteria wengine huhusika na umbo la seli. Picha hiyo ilikuwa inaashiria bakteria anayetengeneza lipidi II kwa ajili ya mgawanyiko, na mwaka 2014 George Liechti na wenzake waliithibitisha: waliwalisha bakteria vipande viwili-viwili vya D-alanini vilivyobeba alama ya kung'aa, wakaona peptidoglikani ikijitokeza kama pete nyembamba mahali seli inapogawanyika. Kwa hiyo kusema Chlamydia hana ukuta bado ni sahihi ukimaanisha gunia linaloizunguka seli yote, kwa kuwa ugumu wa umbo lake la kuambukiza hutoka kwa protini za utando wa nje zilizofungana kwa salfa. Kusema hana peptidoglikani si sahihi tena. Kwa Wolbachia, andika kile ambacho ushahidi unakibeba: lipidi II inahitajika kwa mgawanyiko ulio na mpango.

Msomaji makini atauliza kama kila bakteria anahitaji lipidi II ili agawanyike. Jibu ni hapana, na mfano wa kuutaja ni maumbo ya L, ambayo Emmy Klieneberger aliyaeleza mwaka 1935. Hayo ni bakteria wa kawaida waliopoteza ukuta. Katika Bacillus subtilis imeonyeshwa kwamba maumbo hayo huongezeka bila FtsZ na bila vitangulizi, kwa kuzalisha utando mwingi kupita ujazo wa seli mpaka seli ijikatekate yenyewe. Mycoplasma naye anagawanyika bila lipidi II. Basi ulazima wake kwa Chlamydia na Wolbachia ni jambo la bakteria hao, la kuthibitishwa kwa kila mmoja peke yake, na jenomu ya mmoja isitumike kumsemea mwingine.

Kuhusu dawa, naomba uangalifu mkubwa, kwa sababu katika miji yetu antibiotiki hununuliwa kirahisi bila karatasi ya daktari, na memwari yenye sentensi isiyopimwa inaweza kusomwa na muuzaji wa dawa. Kuwapo kwa lengo katika jenomu hakufanyi kitu kuwa tiba. Penisilini ikiikuta Chlamydia huigeuza kuwa maumbo makubwa yasiyogawanyika ambayo hubaki hai, na dawa ikiondolewa huweza kurudia hali yake. Ndiyo maana tiba ya kawaida ni doksisaiklini au azithromaisini, ambazo huzuia utengenezaji wa protini, ingawa amoksilini hukubaliwa kama mbadala kwa mama mjamzito. Sikloserini huzuia Alr na Ddl, na huisimamisha Chlamydia katika majaribio, lakini madhara yake kwenye ubongo na fahamu ni makubwa. Vankomisini hushika D-alanini mbili za mwisho wa lipidi II, ila molekuli yake ni kubwa mno kupenya utando wa nje. Majaribio ya fosfomisini kwa Wolbachia yalikuwa ndani ya seli za mbu, si ndani ya mnyoo aliye chini ya ngozi ya mgonjwa.

Kinachotumika kweli dhidi ya Wolbachia wa usubi ni doksisaiklini ya wiki nne hadi sita, miligramu 100 hadi 200 kwa siku, ambayo humfanya mnyoo jike kuwa tasa baada ya kumwondolea bakteria wake. Haifai kwa wajawazito wala kwa watoto wadogo, na urefu wake huifanya ngumu kugawiwa kijiji kizima. Hata hivyo ina faida moja inayoihusu sana nchi yetu: mnyoo Loa loa, ambaye kwa wagonjwa wanaombeba kwa wingi hufanya ivamektini, dawa ya kawaida ya usubi, kuwa ya hatari, hana Wolbachia, kwa hiyo doksisaiklini haimuui kwa ghafla ndani ya damu. Haja ya tiba fupi zaidi ya wiki hizo ndiyo inayowafanya watafiti waiangalie njia ya lipidi II ya Wolbachia kama lengo jipya, na hiyo ni sababu tosha ya mwanafunzi wa Bukavu, au mtafiti wa kituo cha utafiti cha Lwiro, kuikagua kwa mikono yake.

Unapoandika matokeo, tengeneza jedwali lenye mstari kwa kila hatua ya njia, na kwa kila hatua utaje protini iliyopatikana, urefu wake, matokeo ya kuirudisha E. coli, hali ya mahali pake pa kazi, na aina ya ushahidi: mfuatano peke yake, protini iliyopimwa nje ya seli, au jaribio kwa bakteria mzima. Taja namba ya toleo la kila jenomu na tarehe ya kuipakua, maana maelezo ya jeni hurekebishwa. Pale unaposema haipo, eleza uliitafuta kwa mfuatano wa nani na kwa kiwango gani, na kama jenomu ni kamili au ina vipande visivyounganishwa, kwa kuwa jeni iliyoangukia kwenye pengo la usomaji haijapotea. Halafu mpe mwenzako mifuatano ile ile, bila jedwali lako, arudie utafutaji wa MurA na MraY katika Wolbachia kabla hujamkabidhi profesa kazi yako.